Masika Niliyopigana na Gari la Mweri

Jumatatu, 7 Aprili

Daftari hili nililinunua la kuandikia vipimo. Mwalimu wetu wa kozi alizoea kutuambia kwamba fundi asiyeandika hurudia kosa moja mara tatu, nasi tukimcheka. Leo nimeandika kipimo kimoja tu, kisha porojo zikashika kalamu. Basi na ziandike.

Gari ni la Dada Mweri, mshona ngozi wa hapa Bombolulu. Miguu yake haikanyagi tangu utotoni, kwa hiyo gari lake lina mkono wa chuma kando ya usukani. Akiuvuta kwake gari linakwenda, akiusukuma mbele linafunga breki. Ameliendesha hivyo miaka minane. Mvua za Novemba zilimkuta kwenye dimbwi huko Kisauni, maji yakaingia kwenye injini na kwenye kompyuta yake, vyote viwili vikafa.

Injini tulipata nyingine, iliyofunguliwa kutoka gari la nje, lakini ilikuja bila kompyuta. Mimi ndiye niliyemshauri atie kompyuta ya kujipangia, ile isiyotoka na gari kiwandani, ambayo fundi huiunganisha na laptopu akaifundisha injini: mafuta kiasi gani, moto wakati gani. Kozini niliifanya kazi hiyo mara mbili, mwalimu akiwa amesimama begani mwangu. Hiyo sehemu ya mwalimu sikumwambia Dada Mweri.

Nimemwahidi gari kabla ya tarehe 2 Juni. Siku hiyo anaanza kufundisha ushonaji wa ngozi katika kituo kimoja huko Mtwapa, kila Jumatatu na Alhamisi. Wamemwambia wazi kwamba asipofika wiki ya kwanza, nafasi inakwenda kwa mtu mwingine.

Jumanne, 8 Aprili

Mvua. Gereji inavuja juu ya meza ya Gershom, mwenzangu. Yangu ni kavu. Nimemwambia Mungu anajua watu wake, akanirushia kitambaa cha oili.

Alhamisi, 10 Aprili

Leo tumeunganisha kwa mara ya kwanza. Nimevuta waya kutoka kwenye kompyuta ya injini, chini ya dashibodi, hadi kwenye laptopu yangu juu ya kiti cha abiria. Nikafungua swichi bila kuwasha injini. Kwenye kioo ikatokea alama ya kijani: imeunganishwa. Joto la injini, joto la hewa, umeme wa betri, vyote vinasomeka. Gershom akapiga makofi. Yeye ni fundi wa injini, mimi wa umeme, na huu ni mwaka wa nne tunakodi gereji hii pamoja. Ametoka Vihiga, mtu wa maneno machache, husikiliza injini kama daktari anayesikiliza kifua.

Nikazungusha ufunguo. Starta ikaguna, injini ikashika, na alama ya kijani ikageuka nyekundu. Mawasiliano yamekatika. Injini ikatetemeka sekunde sita hivi, ikazima.

Mara ya pili vile vile. Mara ya tano vile vile. Kila ikilala tunaonana vizuri, kila ikiamka inanikimbia. Na siwezi kuipangia bila kuiona ikinguruma. Ni kama kumnyoa mtu anayekimbia.

"Tulia, Nyamvu," Gershom akasema. "Ndio siku ya kwanza."

Mimi na kutulia hatujawahi kukaa nyumba moja.

Ijumaa, 11 Aprili

Nimefuta programu nikaiweka upya. Nimebadilisha tundu kwenye laptopu. Nyekundu.

Jumamosi, 12 Aprili

Nyekundu.

Jumatatu, 14 Aprili

Nimekwenda Kisauni kwa Bwana Hamdun. Ni mzee wa Jomvu Kuu mwenye duka la vifaa vya redio na kompyuta, na hukuuzii kitu mpaka akusomeshe kwanza. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, akaniuliza habari za mamangu, za gereji, za mvua. Mimi nimesimama pale vidole vikicheza juu ya kaunta.

Akautazama waya wangu, akaugeuza, akavaa miwani.

"Huu ni wa bandia, mwanangu. Utazame kwa mato yako. Yeo wafanya kazi, kesho wakutoroka."

Kumbe. Nikajiona nimepona. Nimenunua waya wake, nikarudi mbio, nikaacha hata mwavuli dukani.

Jumanne, 15 Aprili

Waya mpya, halali, mzuri kuutazama. Nyekundu.

Alhamisi, 17 Aprili

Nimechomoa chaja ya laptopu nikatumia betri yake tu. Nimehamisha waya mbali na koili za moto. Nimeuzungushia karatasi ya fedha, ile ya jikoni. Gershom akaniuliza kama ninachoma samaki. Sikucheka, na yeye akaona sikucheka.

Jumapili, 20 Aprili

Nimevuka kwa feri kwenda kwa mama, Timbwani. Alipika wali wa nazi na samaki wa kupaka. Nilikula bila kusikia ladha. Akaniuliza nina nini, nikasema nina gari. Akasema wenzangu husema wana mume.

Jumanne, 22 Aprili

Dada Mweri amekuja kwa tuk-tuk ya Kadenge, dereva anayempeleka siku hizi, kuona kazi inavyokwenda. Nilitaka kumwambia inakwenda vizuri, lakini alikwisha kuniona usoni.

Akaomba kukaa kwenye gari lake. Akajitoa kwenye kiti chake cha magurudumu, akajivuta ndani bila kumtaka mtu. Nikaiwasha injini. Ikanguruma kwa kukohoa, nikaishikilia kwa kuvutavuta waya wa mafuta kwa mkono. Nilipouachilia, ikazima.

"Sasa nikuonyeshe kitu, mwanangu," akasema, akinivuta dirishani. Ananizidi miaka kumi na mitano. "Shika hiki chuma. Usukume mbele, hapo ndipo breki. Mkono mwingine usukani. Haya. Gari limekuzimikia kwenye mteremko wa daraja la Nyali, nyuma yako kuna lori. Liwashe."

Nikatazama mikono yangu. Miwili tu, na yote ina kazi. Nikiachia breki, gari linarudi nyuma, na breki ya mkono, ile ya kuegeshea, haishiki mteremko ule. Nikiachia usukani nichukue ufunguo, linakwenda linakotaka.

"Wewe ungekanyaga kwa mguu," akasema. "Mimi likinizimikia naanza kuhesabu vidole. Kwa hiyo usiniletee gari linalozimazima ukasema limepona."

Nikamwambia halitazima. Nimeapa wallahi. Kisha nikaenda nyuma ya gereji nikajitukana, kwa sababu hata kuliwasha vizuri sijaweza, naapia nini?

Kabla ya kuondoka alisema kubebwa hakumchukizi. Kinachomchukiza ni kubebwa na mtu anayeongea na simu.

Ijumaa, 25 Aprili

Leo nimeona kitu. Kwenye kompyuta ya injini kuna taa ndogo. Starta ikizunguka, taa hiyo hufifia, huzima kidogo, hurudi. Betri imechoka, nikasema. Nikaazima betri mpya kwa jirani. Nimepima kwenye betri: volti kumi na mbili na nusu injini ikiwa kimya, kumi na nusu starta ikizunguka. Safi kabisa.

Taa bado inafifia. Nyekundu.

Jumatano, 30 Aprili

Leo naandika kabla sijafunga gereji.

Nilisoma usiku kucha kuhusu plagi, zile zinazopiga cheche ndani ya injini. Kuna plagi zenye kizuizi ndani ambazo hazitoi kelele za umeme, na kuna zisizo nacho, hizo hupiga kelele mpaka kompyuta inachanganyikiwa. Mwezi wa tatu nilimtuma Gershom anunue zenye kizuizi. Asubuhi nikatoa boksi kwenye takataka zake, nikasoma namba. Si ile niliyomwandikia.

Dada Mweri alikuwepo, Kadenge amemleta. Walikuwepo na wateja wawili wa Gershom. Sikusubiri waondoke.

"Hii ndiyo plagi niliyokwambia?"

Akasoma boksi. "Kampuni yako haikuwa dukani. Mwenye duka akanipa hii, akasema ni sawa na ile."

"Ni sawa! Wiki tatu nazunguka kama mwehu, kumbe umeniletea takataka."

"Umezipima?"

"Nipime nini, na boksi linasema?"

"Nyamvula, mimi niliuliza, nikanunua, nikafunga. Risiti nilikupa."

Hapo ndipo ulimi wangu uliponiponyoka. Nikasema watu wa bara ndivyo walivyo, huona njia ya mkato huita kazi. Nilisema mbele ya wateja wake. Mmoja akatazama chini.

Gershom alikusanya spana zake moja moja, akazifuta, akazipanga kwenye sanduku kwa ukubwa wake kama anavyofanya kila jioni, ila hii ilikuwa saa nne ya asubuhi. Kazi ya wale wateja wawili alikuwa ameimaliza kwanza. Kisha akabeba sanduku akaenda zake.

Dada Mweri akasema, "Umemaliza?" Nikadhani anamuuliza Kadenge kuhusu chai.

Ijumaa, 2 Mei

Nimetia plagi mpya, zile zile za namba yangu. Nimewasha. Kijani kikadumu sekunde arobaini! Kisha nyekundu.

Sekunde arobaini si sekunde sita. Nilikuwa na haki.

Jumatatu, 5 Mei

Mvua siku ya nne. Barabara ya nyuma imekuwa mto, mama muuza mahamri ameweka jiko juu ya tofali. Nimewasha mara kumi na tatu. Arobaini haikurudi. Nne, tisa, sita, sita.

Nimesikia Gershom amepata kazi kwenye gereji ya malori huko Changamwe. Nimejiambia heri. Kisha nikaenda kutafuta spana namba kumi na nne, nikakumbuka kwamba zote nzuri zilikuwa zake.

Alhamisi, 8 Mei

Nimekwenda kwa Bwana Hamdun kuchukua mwavuli wangu, kumbe pia kugombana naye. Nilimwambia waya wake haukusaidia kitu. Hakukasirika. Akaniuliza nimepima nini. Nikamsomea kutoka daftari hili: betri, kumi na mbili na nusu, kumi na nusu.

"Hiyo ni betri. Kompyuta yapata ngapi?"

"Inatoka kwenye betri hiyo hiyo, Bwana Hamdun."

"Maji yatoka kwenye tangi hilo hilo, na mfereji wangu wa juu hautoki kitu. Pima kompyuta yenyewe. Na ethi yake."

Ethi ni ule waya mweusi unaorudisha umeme kwenye betri kupitia bodi ya gari. Nikamwambia ethi niliifunga mimi mwenyewe, kwa mkono huu, kwenye bodi, kwa bolti mpya. Sihitaji kuipima.

"Haya," akasema, akanipa mwavuli.

Njiani nilikuwa nikibishana naye peke yangu. Mwezi wa tatu nililipiga msasa gari lile lote chini ya boneti, nikalipaka rangi ya kuzuia kutu mikono mitatu, mmoja juu ya mwingine. Sisi wa pwani hatuna adui kama chumvi. Kila gari la Likoni na Kisauni hupuliziwa oili chafu chini kabla ya masika, na babangu alikuwa akipaka rangi mpaka bawaba za dirisha. Kama kuna kitu salama kwenye gari la Mweri ni mahali nilipopita mimi.

Jumapili, 11 Mei

Sikwenda kwa mama. Nimelala.

Jumatano, 14 Mei

Wa Mtwapa wamempigia simu Dada Mweri kumuuliza kama bado yumo. Amekuja kuniambia mwenyewe, hakutaka kutuma ujumbe. Mvua ilikuwa inanyesha, Kadenge alimbeba kutoka tuk-tuk hadi kwenye benchi, simu ikiwa kati ya sikio na bega, anabishana na mtu kuhusu tairi. Dada Mweri alinitazama juu ya bega la Kadenge kama kusema: unaona?

"Nimewaambia nitakuja na gari langu," akasema alipokwisha kukaa. "Nimesema uongo?"

"Hukusema uongo."

"Nyamvula. Wewe unanitengenezea gari, au unatafuta kumshinda Gershom?"

Nikasema Gershom hayupo tena, nimshinde vipi.

"Ndiyo nasema. Hayupo, na gari halijapona. Sasa kosa ni la nani?"

Nilikasirika mpaka masikio yakawaka moto. Nikamwambia akipenda alipeleke kwa fundi mwingine. Akasema fundi mwingine hajui hata kompyuta ile iko upande gani, na mimi ndiye niliyemwingiza humo, kwa hiyo nimtoe. Hakupandisha sauti. Akachukua begi lake la ngozi, akatoa sindano, akashona hapo benchini mpaka mvua ilipopungua.

Nimeogopa leo kwa mara ya kwanza. Si kuaibika. Nimeogopa kwamba mama huyu atakaa kwenye chumba chake Jumatatu ile, amevaa tayari, na sababu ni mimi.

Jumatatu, 19 Mei

Sita. Tano. Nane. Sita.

Alhamisi, 22 Mei

Nimeazima laptopu nyingine kwa mwalimu wa shule ya jirani. Nyekundu. Laptopu yangu haina kosa, maskini, na nilikwisha kuitukana matusi ya kutosha.

Jumamosi, 24 Mei

Mvua ilikatika alfajiri, ikaacha jua la kuchoma. Sikuwa na hamu ya kushika gari. Nilikaa kwenye kigoda na chai, nikasoma daftari hili tangu mwanzo.

Nikaanza kuhesabu nilivyovipima. Waya wa bandia, wa mtu wa mtandaoni. Waya halali, wa Bwana Hamdun. Betri ya Dada Mweri, betri ya jirani. Plagi za Gershom. Laptopu ya mwalimu. Nikafungua ukurasa wa nyuma na mbele, nikatafuta mahali palipoandikwa kwamba nimepima kitu nilichokifunga mimi. Hapapo. Mwezi mzima na nusu nimezunguka nikipima kazi za watu.

Nikaweka chai chini. Nikachukua mita, ncha moja kwenye hasi ya betri, ncha nyingine kwenye ethi ya kompyuta. Injini kimya: karibu na sifuri. Nikazungusha starta huku nikichungulia mita juu ya dashibodi. Mbili nukta tatu.

Kwa asiyejua: ilitakiwa isifike hata robo. Kila nikiwasha, umeme wa kompyuta ulikuwa unaporomoka mahali hapo, kompyuta inazimia, inaamka, laptopu inaachwa mkononi. Na injini ikishika, moto wa koili unapita njia hiyo hiyo nyembamba unaisukasuka tena.

Nikafungua bolti yangu mpya. Chini yake rangi inang'aa, mikono mitatu, laini, nzuri, na grisi juu yake nimepaka kwa kidole kuzuia chumvi. Chuma hakijagusa chuma. Umeme ulikuwa unapita kwa meno mawili matatu ya bolti yaliyokwaruza rangi. Niliilinda sehemu ile na kutu mpaka nikaizuia kufanya kazi yake.

Na nikakumbuka jambo ambalo sikuwa nimeliandika. Siku ninapaka, Gershom alisimama na kikombe chake akasema, "Sasa hiyo rangi utapaka mpaka wapi? Hii ni gari ama ni lango la chifu? Utafunika ethi." Nikamwambia wa Vihiga hajui chumvi. Tukacheka wote wawili. Yeye alicheka, lakini alikuwa amenionya.

Nilipiga msasa mpaka chuma kikawa cheupe. Nikafunga, nikabana, ndipo nikapaka grisi juu, nje, inapostahili. Nikawasha.

Kijani. Dakika moja. Dakika tano. Nikaenda kununua mahamri nikarudi, kijani. Injini bado inakohoa, lakini sasa naiona inakohoa wapi.

Halafu nikaziokota plagi za Gershom kwenye kopo, nikazipima moja moja. Zote nne zina kizuizi ndani, kama alivyosema mwenye duka. Zile sekunde arobaini zangu zilikuwa bahati tu.

Nilitegemea nitafurahi. Nimekaa sakafuni kando ya gurudumu, plagi zake nne mkononi, nikiona aibu.

Jumatatu, 26 Mei

Nimekwenda Changamwe. Gereji ya malori, watu sita, makelele. Nikauliza Gershom, wakanionyesha miguu yake chini ya lori.

Nilikuwa nimepanga maneno mazuri. Nikayasahau. Nikasema kwa sauti, wenzake wakisikia: "Gershom, nilikuaibisha mbele ya watu, nimekuja kukuomba radhi mbele ya watu. Kosa lilikuwa ethi yangu. Nilifunga juu ya rangi."

Akatoka chini ya lori, akakaa, akafuta mikono.

"Na plagi?"

"Ziko sawa."

"Umezipima?"

"Juzi."

"Siku ile hukupima."

"Sikupima."

Akakubali kwa kichwa. Mwenzake mmoja akanisogezea ndoo nikalie. Nikamwambia nusu yake ya gereji ipo, meza yake ipo, arudi. Hata kuvuja nimeziba.

"Nimekusikia, Nyamvu. Nimekusamehe, hiyo iishe. Lakini sirudi."

"Kwa nini, kama umesamehe?"

"Hapa wananiita Gershom. Hata wakiwa na hasira."

Mimi nimekuwa nikimwita wa Vihiga, wa bara. Miaka minne nilidhani ule ni utani wetu sote wawili. Nilipoinuka akaniuliza injini inaamkaje asubuhi. Nikasema vibaya. Akasema niiongezee hewa ikiwa baridi, injini ile ni nzito kuamka, na nisiamini imepona kwa kuiona inawaka vizuri ikiwa moto. Kisha akarudi chini ya lori.

Msamaha nimeupata, na rafiki nimempoteza.

Jumatano, 28 Mei

Nimeongeza hewa ikiwa baridi. Anajua, yule mtu.

Alhamisi, 29 Mei

Nimempelekea Bwana Hamdun salamu na pole ya ubishi. Akasema, "Ethi?" Nikasema ethi. Akaagiza kahawa.

Ijumaa, 30 Mei

Nikifungua feni, taa na vifuta kioo kwa pamoja, injini inashuka lakini haizimi. Nikiachia mafuta ghafla na kusukuma breki, ilikuwa inazima mara tatu kwa kumi. Jioni, mara moja kwa ishirini. Nataka sifuri.

Jumamosi, 31 Mei

Mara moja kwa arobaini. Hiyo moja inaninyima raha.

Jumapili, 1 Juni

Sikukuu, barabara nyeupe, hakuna magari. Dada Mweri ameendesha hadi Kiembeni na kurudi, mimi kando yake, laptopu mapajani. Mikono yake inajua kazi yake, mimi ndiye niliyekuwa nikishika mlango. Nimemwambia ukweli, kwamba yaweza kuzima mara moja moja ikiwa baridi na mvua ipo, na kwamba nahitaji wiki moja zaidi kuimaliza. Nikamwambia pia ya rangi, na ya Gershom, na kwamba aliniuliza kosa ni la nani na sasa namjibu.

Akasema, "Nilijua utajibu. Sikujua kama itakuwa kabla ya Juni."

Jumatatu, 2 Juni

Nilifika kwake saa moja na nusu na laptopu, waya, mita, chaja na chupa ya chai. Alikuwa ndani ya gari tayari, amevaa kitenge kipya, ngozi zake kwenye kiti cha nyuma. Manyunyu. Nikafungua mlango wa abiria nikakaa, nikaanza kuchomeka waya.

"Unakwenda wapi?"

"Nakusindikiza. Nikiwa naitazama, ikitaka kuzima nitaiona mapema, nita..."

"Shuka, Nyamvula."

Nikamwambia kuna mvua. Nikamwambia mara moja kwa arobaini. Nikamwambia daraja la Mtwapa, malori, foleni ya Mtambo.

"Miezi sita nimepanda na watu. Leo nakwenda peke yangu. Shuka, mwanangu, nitachelewa."

Nikashuka. Nikachomoa waya wangu, nikafunga mlango. Akavuta chuma, gari likaondoka taratibu kwenye matope, likaingia barabarani, likafichwa na lori la mchanga. Nimesimama pale na laptopu chini ya kanga kama mtu aliyeachwa na gari la harusi.

Sijafanya kazi yoyote leo. Nimefagia gereji mara mbili. Nimeipanga meza ya Gershom, ambayo haina kitu. Nimetazama simu mpaka betri imeshuka.

Saa tano kasorobo ujumbe umeingia. Nauandika wote hapa:

"Nimefika. Imezima mara moja, Mtambo, katikati ya foleni. Watu wakaja kusukuma, nikawaambia waniache. Hapo ni tambarare, nimevuta breki ya mkono nikaiwasha mwenyewe. Darasani nina wanafunzi kumi na wanne. Usinipigie kabla ya saa kumi."

Nimelia hapa hapa mlangoni, na mama wa mahamri ameniona, na sijali. Nina maswali tisa. Injini ilikuwa na joto gani, feni ilikuwa wazi, mvua ilikuwa nyingi, ilizima akiwa amesukuma breki au kabla. Nimeyaandika yote tisa ukurasa wa nyuma, kwa namba.

Sasa ni saa tano na dakika kumi.